Darasa Lililokataa Kusema Ndiyo

Treni iliyonileta Lubumbashi ilikuwa na tabia ya kusimama mahali pasipo na kituo. Nilipanda Kabalo, kwetu kaskazini, nikiwa na diploma ya ualimu iliyokunjwa ndani ya kitabu cha misa cha babu. Babu alikuwa fundi wa reli hiyohiyo, na nyumbani tulikatazwa kuisema vibaya, kwa hiyo nilinyamaza. Kila iliposimama, wamama walishuka, wakakusanya kuni na kusonga bukari, ugali wetu. Waliijua injini kuliko dereva. "Weka sufuria," walisema, "leo hatutoki hapa."

Jirani yangu katika behewa alikuwa bibi mmoja mwenye kikapu cha samaki wakavu. Aliniuliza naenda kufanya kazi gani. Nikasema kufundisha watoto wa darasa la kwanza.

"Mu lugha gani?"

"Kwa Kifaransa, mama. Ndiyo lugha ya shule."

"Batoto ya kule banakisikiaka?"

Kusikia, kwetu, ni kuelewa pia. Nikamjibu kwamba watakisikia tu, taratibu. Akacheka hadi kikapu kikatikisika. "Haya, mwalimu. Utatuambia."

Ninyi walimu vijana mlioniomba niandike haya, mjue kwamba swali la bibi huyo ndilo lililokuwa kazi yangu yote. Habari za vyeo na mshahara nitaziruka. Vyeo vilikuwa vichache, na mshahara mnaujua wenyewe. Najua pia kwamba mtu wa miaka arobaini na saba akijiita mstaafu anachekwa. Lakini mwalimu wa darasa la kwanza hufanya kazi kwa koo, na koo langu limechoka kabla ya miguu yangu. Daktari ameniambia nichague kati ya kufundisha na kuongea. Nimechagua kuongea, kwa sauti ya chini.

Shule yangu ya kwanza ilikuwa mjini, katikati kabisa, na sitaitaja jina. Siku ya kwanza niliwafundisha watoto salamu za Kifaransa. Nilieleza, nikarudia, nikaonyesha kwa mikono. Kisha nikauliza kama wameelewa, kwa maneno niliyofundishwa: "C'est compris?" Darasa zima likajibu ndiyo kwa wimbo mmoja: "Oui, Monsieur!" Nikafurahi sana. Furaha ilidumu mpaka nilipouliza kwa Kifaransa kilekile ni nani hajaelewa, na wote wakaimba: "Oui, Monsieur!"

Shule hiyo ilikuwa na kipande cha ubao chenye kamba. Mtoto aliyesikika akisema Kiswahili alivishwa hicho shingoni, naye aliruhusiwa kukivua akimkamata mwingine. Walimu wengi waliona kwamba kinafanya kazi vizuri, na kweli kilifanya. Nimezunguka shule nyingi, lakini pale tu ndipo niliposikia uwanja wa mapumziko uliojaa watoto na usiokuwa na kelele. Walicheza mpira kama mabubu. Nilifundisha pale miaka michache, kisha miguu ikaniwasha.

Nikaenda Sakania, nikafundisha karibu na reli, ambapo somo lilisimama kila treni ilipopita kwa sababu hakuna mtoto wa Sakania asiyetaka kujua imebeba nini. Halafu nikaenda Mokambo, mpakani. Huko ndiko nilikompata Mwalimu Beatrisi, na kama kuna kitu chochote chenye thamani katika maandishi haya, basi ni chake.

Alikuwa mwanamke mfupi, Mkatoliki wa kila asubuhi, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya kizuizi cha mpaka. Ubao wake ulikuwa mweusi kuliko wa mtu yeyote. Aliponda makaa meusi ya ndani ya betri kuukuu za redio, akachanganya na majani ya muhogo, akausugua ubao wote kwa kitambaa, akauacha ukauke. Fanyeni hivyo mwanzo wa kila muhula. Chaki huonekana hata kwa mtoto wa benchi la mwisho, na nusu ya wale tunaowaita wazito ni watoto wasioona ubao. Kadi za herufi alizikata kutoka mifuko ya saruji, kwa sababu karatasi yake haichaniki ovyo, na pale mpakani mifuko haikukosekana.

Yeye alifundisha kusoma kwa Kiswahili, mchana kweupe. Nilimuuliza kama haogopi mkaguzi.

"Nimuogope juu ya nini? Sheria iko upande yangu."

Nilidhani anatania. Alinikalisha kwenye benchi la watoto akanieleza. Nchi yetu ina lugha rasmi moja, Kifaransa, na lugha nne za taifa, na Kiswahili ni mojawapo. Sheria ya elimu inakiweka Kifaransa kuwa lugha ya kufundishia, lakini inaziruhusu pia lugha za taifa, au lugha za mahali, zitumike kufundishia, na programu ya madarasa ya kwanza imejengwa juu ya hilo: mtoto asome kwanza katika lugha anayoisikia, Kifaransa aanze kukisema kwa mdomo, kisha avuke. Sheria haikumwambia mtu achague moja na kuua nyingine. Watu ndio waliochagua.

"Basi kwa nini hakuna anayeifuata?"

"Kwa sababu bazazi habaitake. Serikali hainipinge, Banza. Papa na mama ya mutoto njo banipingaka."

Halafu akanifundisha neno lililobadilisha kazi yangu. Aliniona darasani nikiuliza kama wameelewa, watoto wakaimba ndiyo, nikageuka ubaoni kwa kuridhika. Baada ya somo akanivuta kando.

"Kuuliza mutoto kama anasikia ni kama kuuliza mugeni kama alishakula. Atasema nini? Ndiyo tu. Na njala inabakia."

Katika darasa lake, ndiyo ilikuwa marufuku. Akiuliza kama wameelewa, mtoto alikuwa na njia mbili: kusimama na kusema kwa maneno yake alichokisikia, au kusema "Bado, mwalimu." Aliyesema bado hakuchekwa wala kupigwa. Alielezwa upya. Wiki za kwanza ni mateso, kwa sababu darasa zima ni bado, bado, bado, na somo la nusu saa linachukua asubuhi. Vumilieni. Kufikia katikati ya mwaka darasa hilo hukimbia mbele ya mengine.

Beatrisi alihamia kwa binti yake Kolwezi, nami miguu ikaniwasha tena. Nikashukia Kasungami, pembezoni mwa Lubumbashi, ambako watu wanalima mahindi upande huu wa njia na kuchoma matofali upande wa pili. Shule ilikuwa na direkta mpya, yaani mwalimu mkuu, mtu mpole wa miwani, aliyependa Kifaransa kama wengine wanavyopenda muziki. Nilimwomba darasa moja la kwanza nilifundishe kama programu inavyosema. Alifikiri, akasafisha miwani, akasema: "Tujaribu. Lakini wazazi utawajibu wewe."

Akanipa watoto ambao hakuna aliyewataka. Mmoja wao alikuwa Ngoie, msichana wa macho makubwa aliyekuwa amelirudia darasa la kwanza. Kanuni ya shule ilikuwa wazi: akishindwa tena, anaondolewa. Alikuwa hasemi. Si kwamba alikuwa mkaidi. Alikaa tu, mikono chini ya mapaja, kama abiria aliyepanda treni asiyoijua inaelekea wapi.

Baba yake alikuwa Papa Kalenga, mchoma matofali na mwenyekiti wa kamati ya wazazi. Alikuja wiki ya pili na pikipiki yake, akasimama mlangoni bila kuvua kofia.

"Mwalimu, nasikia uko nafundisha Kiswahili."

"Nafundisha kusoma, papa. Kwa Kiswahili."

"Kiswahili mutoto alizaliwa nayo. Ata kuku ya kwangu inaisikia. Tunaleta batoto hapa juu ya Français."

"Kifaransa kipo pia. Kila asubuhi wanakisema."

"Na huyu wangu," alimwonyesha Ngoie kwa kidevu, "usijichokeshe. Kichwa yake iko tofali ya kuiva. Maji haiingiye."

Alisema hivyo mbele yake. Ngoie hakupepesa. Nadhani alikuwa amezoea kusikia hilo kuliko jina lake.

Nilimwacha baba aende zake. Nilifundisha. Tulianza na vitu vilivyokuwa mlangoni: mahindi, tofali, moto, maji. Kitabu kiliandika mtoto, wao wakasema mutoto. Tuliyasoma yote mawili na hakuna aliyekufa. Nilizunguka na kadi zangu za saruji, nikauliza, wakajibu bado, bado. Ngoie hata bado hakuisema. Kisha asubuhi moja nilieleza jinsi sauti mbili zinavyoungana, nikauliza, na kutoka benchi la tatu nikasikia: "Bado, mwalimu." Ilikuwa sauti yake. Nimepewa sifa kadhaa katika maisha, nyingine kwa vyeti, lakini hakuna iliyonipendeza kama bado hiyo. Nikaeleza upya kama mtu aliyepewa ng'ombe. Kabla ya mvua kubwa kwisha, alikuwa akisoma maneno ya ubaoni kabla sijamaliza kuyaandika, na kunikasirikia nikichelewa.

Lakini nje ya darasa maneno yalikuwa yanachemka. Mzazi mmoja alimtoa mtoto wake, wa pili akafuata. Papa Kalenga akaitisha mkutano kabla ya likizo ya Pasaka ili wazazi waamue: darasa la Kiswahili libaki au lifungwe. Direkta aliniambia ukweli. Likifungwa, watoto watarudishwa katika darasa la Kifaransa kwa muhula mmoja uliobaki, na watapimwa kwa Kifaransa. Sikuhitaji kuuliza nini kingempata Ngoie. Angekwenda kumsaidia mama yake kuuza makala, na mkaa ni kazi ya heshima, ila si kwa mtoto anayejua kusoma na ambaye hakuna mtu nyumbani anayejua kwamba anajua. Nilimuuliza kwa nini hajamwambia baba. Akasema: "Haniulizake."

Siku ya mkutano wazazi walijaa darasani kwangu. Kama hamjawahi kuwaona watu wazima wa Kasungami katika mabenchi ya darasa la kwanza, magoti yakigusa kidevu, mmekosa. Watoto walibaki nje, wamening'inia madirishani.

Direkta alifungua mkutano kwa Kifaransa, kwa kuwa mkutano rasmi haufunguliwi vinginevyo. Alianza na matangazo ya shule. Alizungumza vizuri, kwa kirefu, na mikono ikifuata maneno. Wazazi walisikiliza kwa adabu kubwa. Alipomaliza matangazo, akauliza, kwa mazoea ya miaka yote ya ualimu: "C'est compris?"

Na darasa zima la watu wazima, wachoma matofali, wauza mboga, walinzi wa usiku, likaimba kwa wimbo uleule: "Oui, Monsieur!"

Watoto madirishani wakaangua kicheko. Mimi nilisimama kabla sijajua kwamba nasimama.

"Baba na mama zangu," nikasema, "tumekubali nini?"

Mama mmoja wa benchi la mbele akamgeukia mwenzake. "Si kufunga kalasa?"

"Ayi! Bado hatujafika pale. Mi nilisikia 'samedi'. Pengine ni misa."

"Misa ya samedi? We mama, uko naota."

Mlinzi mmoja nyuma akasema, "Mi nilisema oui juu bote balisema oui." Hapo chumba kikapasuka. Direkta mwenyewe alicheka mpaka akavua miwani.

Papa Kalenga hakucheka. Alisimama, na benchi likainuka naye kidogo.

"Mwalimu, umetuchekesha, aksanti. Lakini sisi ni bakubwa, yetu ilishapita. Mi nilishindwa kupata kazi ku kampani juu sikujua Français. Balinirudisha ku mulango. Sitaki mutoto yangu bamurudishe ku mulango. Sasa we unataka kumubakisha mu Kiswahili, abakie kama mi."

Alikuwa amesema kitu cha kweli, na nusu ya waliokuwapo walirudishwa mlangoni pamoja naye. Nilijaribu sheria. Nilieleza kama Beatrisi alivyonieleza: lugha zote mbili, moja ya kuanzia na moja ya kuvukia.

"Ile sheria ya Kinshasa," alinijibu, "haitafutiake mutoto kazi."

Nikaona kwamba nitashindwa. Kisha nikakumbuka chaki iliyokuwa mkononi mwangu. Nikamgeukia direkta. "Bwana Direkta, nipe ruhusa niandike tangazo lako ubaoni kwa Kiswahili." Akakubali kwa kichwa. Niliandika mistari mitatu, taratibu, kwenye ubao uliokuwa mweusi kama wa Mokambo. Kisha nikaita kupitia dirishani: "Ngoie, ingia."

Aliingia akikwepa magoti ya watu. Papa Kalenga akashika kofia yake. "Mwalimu, usimuhaibishe mutoto."

"Msomee baba yako," nikamwambia.

Aliweka kidole chini ya neno la kwanza. Sauti yake ilianza ndogo, kisha ikapata njia. "Siku ya posho. Wazazi wote. Watakuja kuchimba choo cha shule. Wababa walete majembe. Wamama walete maji. Kazi itaanza asubuhi."

Siku ya posho ni Jumamosi kwetu, tangu enzi za migodi na mgao wa unga. Ndiyo ilikuwa samedi ya yule mama.

"Choo?" akasema Papa Kalenga.

"Ndiyo, papa. Choo."

"Nani alikubali?"

Ngoie akamtazama kwa mshangao. "Si ni weye, papa! Bote mulisema oui. Tulisikia ku dirisha."

Nimesikia vicheko vingi, lakini kile kilisikika mpaka kwenye tanuri za matofali. Mama mmoja alilazimika kutoka nje. Papa Kalenga peke yake alibaki amesimama, akitazama kidole cha binti yake ubaoni.

"Soma tena," akasema.

Akasoma tena.

Akaja mbele, akaonyesha neno la mwisho. "Na hii?"

"Asubuhi."

"Na hii?"

"Majembe, papa." Alisema kwa uvumilivu, kama ninavyosema mimi na wao.

Alivua kofia. Akaikunja, akaikunjua. Aliponigeukia, sauti yake ilikuwa bado ngumu, ila macho yalikuwa yamemsaliti. "Mwalimu. Français itakuya lini?"

"Kila siku inakuja, kwa mdomo. Ya kuandika, darasa la tatu."

"Kama haikuye, nitakuya mi mwenyewe hapa."

"Kuya, papa. Benchi iko."

"Basi," aliwaambia wenzake, "kalasa inabakia." Mikono ikainuka, hata ya yule mama aliyetoka kucheka, akiipunga kutoka nje ya mlango. Direkta akafunga mkutano kwa Kifaransa, akajisahau, akauliza kama imeeleweka, na kutoka nyuma yule mlinzi akajibu: "Fasiria kwanza, Monsieur le Directeur!"

Jumamosi walikuja wote. Papa Kalenga alisimamia uchimbaji na akatoa matofali. Choo hicho bado kimesimama, na ni jengo pekee katika kazi yangu ninaloweza kumwonyesha mgeni.

Yaliyofuata hayana kelele, lakini ndiyo ushindi wenyewe. Watoto waliotolewa walirudishwa. Mwaka uliofuata madarasa yote ya kwanza pale yalifundishwa hivyo, kisha shule ya jirani ikaniita niwaonyeshe walimu wake kadi za saruji. Darasa la tatu ni gumu, nawaambia mapema: mtoto anayesoma Kiswahili kama maji anafika kwenye Kifaransa na kugonga mwamba, na mzazi anarudi mlangoni. Mwonyesheni mtoto kwamba kusoma amekwisha kujua, na kwamba sasa anajifunza maneno tu. Hofu hushuka nusu. Nusu ya pili ni yenu. Ngoie alivuka. Mtihani wa serikali wa mwisho wa shule ya msingi ni wa Kifaransa, naye alifaulu, na baba yake alizunguka Kasungami nzima na pikipiki akipiga honi kama harusi. Sasa yuko humanités, yaani sekondari, na ananisahihisha Kifaransa changu mbele za watu.

Siku ya kuondoka niliichagua iwe ya kawaida. Tiketi ya treni ilikuwa mfukoni, ya kurudi kaskazini, Kabalo, ambako nataka kuona kama mto bado ni mpana kama ninavyousimulia. Papa Kalenga alikuja kunichukua hadi kituoni. Begi langu nililiweka mlangoni, nikaingia kuwaaga watoto wa mwaka huu kwa sauti niliyobakiwa nayo. Niliwaeleza kwamba koo limechoka. Kwamba mwalimu mpya ni mzuri. Kwamba kuanzia kesho sitakuwapo.

"Mmeelewa?" nikauliza, kwa mazoea.

Walitazamana. Kisha benchi moja, halafu lingine, halafu darasa zima:

"Bado, mwalimu!"

Nje, Papa Kalenga alipiga honi. "Mwalimu! Treni haitakungoya!"

Lakini kanuni ni kanuni, nami ndiye niliyeileta. Nikachukua chaki, nikawaeleza upya. Tulipofika kituoni, treni, kama ilivyo desturi yake, ilikuwa haijaondoka.